Friji Ikigoma: Kutengeneza, Kununua na Kutosukumwa

Friji hufanya kazi usiku na mchana, na kwa kawaida hudumu miaka 10 hadi 15. Katika muda huo itagoma zaidi ya mara moja. Hitilafu nyingi hutengenezeka kwa fedha kidogo zikilinganishwa na bei ya friji mpya, na hasara kubwa mara nyingi huletwa na haraka. Nyama inayeyuka, maziwa yanachacha, watoto wanauliza maji ya baridi, na kabla ya jua kuzama familia imeshafika dukani ikikubali bei na mkopo ambao siku nyingine isingeukubali. Ndiyo maana mwenye friji hujipatia muda kwanza. Fundi hufuata, na duka huja mwisho.

Saa za kwanza: chakula na dawa

Friji iliyozimika hutunza baridi kwa saa 4 hivi ikiwa mlango haufunguliwi. Friza iliyojaa hukaa na baridi ya kutosha kwa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu kwa saa 24, kwa kuwa vyakula vilivyoganda hupoozana. Katika jiko la Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi, ni busara kuhesabu pungufu ya hapo. Mlango unafungwa, familia nzima inaambiwa usiguswe, na vitu vinavyohitajika siku hiyo vinatolewa mara moja kwa mkupuo.

Nyama, samaki, maziwa na vyakula vilivyopikwa visikae juu ya nyuzi 4 za Selsiasi kwa zaidi ya saa 2. Joto la chumba likizidi nyuzi 32, muda huo hupungua hadi saa 1. Harufu si kipimo cha kutegemea. Wali uliolala nje unaweza kunukia vizuri huku vijidudu vimeshaacha ndani yake sumu isiyoondoka hata wali ukipashwa moto upya. Nyama na samaki ambao bado ni wa baridi hupikwa, hukaangwa au hubanikwa siku hiyohiyo, na sehemu nyingine hugawiwa majirani au huombewa nafasi katika friza ya ndugu. Mboga za majani, matunda mengi, mayai na nyanya havihitaji dharura.

Insulini ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na haitakiwi kuganda kabisa. Hivyo haiwekwi moja kwa moja juu ya barafu. Chupa iliyokwisha kuanza kutumika kwa kawaida huweza kukaa nje ya friji kwa wiki 4 hivi mradi joto lisipite nyuzi 25 au 30, kulingana na maelezo ya kwenye boksi. Kwa akiba iliyobaki, duka la dawa au zahanati ya jirani huombwa iitunze mpaka friji irudi kazini.

Chakula kikishapata mahali, haraka imekwisha. Familia inaweza kuishi wiki moja au mbili bila friji kwa kununua nyama na samaki wa siku moja moja. Kuliona jambo hilo mapema ndiko kunakomwondolea muuzaji silaha yake kubwa.

Ukaguzi kabla ya kuita fundi

Kazi hii haihitaji utaalamu, ila friji ichomolewe kwenye umeme kabla ya kugusa chochote cha nyuma yake.

Kama friji imekufa kabisa, hata taa ya ndani haiwaki, soketi hujaribiwa kwa kuchomeka kitu kingine, kama pasi au chaja ya simu. Plagi ya miguu mitatu inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda ina fyuzi ndani yake, nayo huungua. Fyuzi mpya ni bei ya vocha ndogo ya simu, lakini iwe ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani.

Kama taa inawaka lakini mota haingurumi, kitufe cha baridi hukaguliwa kisiwe kwenye sifuri. Watoto na wasaidizi wa kazi hukigusa wakati wa usafi. Ikiwa nyuma ya friji husikika mlio wa "tik" kila baada ya dakika chache kisha kimya, kompresa, yaani mota hiyo, inajaribu kuwaka na kushindwa. Sababu ya kawaida ni umeme mdogo, hasa jioni ambapo mtaa mzima unapika na kuwasha feni, au ubovu wa kifaa kidogo cha kuwashia kilichobanwa ubavuni mwa kompresa, yaani rilei. Rilei huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kompresa, na hapa ndipo wenye friji wengi huambiwa kwamba kompresa imekufa.

Kama mota inanguruma mchana kutwa bila baridi ya maana, macho huelekezwa kwenye vyuma vya nyuma vinavyotoa joto. Vikifunikwa na vumbi na utando, joto halitoki. Brashi laini na nusu saa ya usafi hurudisha friji nyingi kazini. Friji iliyobanwa ukutani nayo huchoka. Iachiwe nafasi ya kiganja nyuma na juu.

Mpira wa mlango hupimwa kwa noti. Noti ya shilingi elfu moja hubanwa kati ya mpira na bodi, mlango ukafungwa, kisha ikavutwa taratibu. Ikishikwa, mpira ni mzima. Ikiteleza yenyewe, hewa ya joto inaingia hapo, na zoezi hurudiwa kuzunguka mlango mzima. Mpira uliokakamaa huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukakandwa mpaka ulainike, uliochanika hubadilishwa.

Katika friji zisizogandisha barafu, hitilafu inayojulikana ni friza kubaki na baridi huku sehemu ya chini ikiwa na joto. Mara nyingi barafu imeziba njia ya hewa nyuma ya ukuta wa ndani. Friji huzimwa kwa saa 24 milango ikiwa wazi na taulo chini. Ikifanya kazi vizuri kwa siku kadhaa kisha ikarudia hali ileile, ugonjwa upo kwenye mfumo wa kuyeyusha barafu, na fundi akiambiwa hivyo tangu mlangoni hataanza kubahatisha.

Fundi na kauli ya "gesi imeisha"

Kauli hii husikika kuliko nyingine zote, na mwenye friji anapaswa kujua maana yake. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyochomelewa, na friji nzima inaweza kuishi umri wake wote kwa gesi iliyowekwa kiwandani. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu anauza baridi ya wiki chache, kisha ataitwa tena kujaza.

Tundu hilo mara nyingi hutobolewa nyumbani, pale mtu anapobandua barafu ya friza kwa kisu au bisibisi. Barafu huyeyushwa kwa kuzima friji na kuweka sufuria ya maji ya moto ndani. Chuma chenye ncha hakihusiki kabisa.

Kazi ya gesi iliyofanywa vizuri ina hatua zinazoonekana kwa macho: tundu linatafutwa kwa povu la sabuni au vifaa vingine, linachomelewa, filta ndogo ya kwenye bomba inabadilishwa, hewa na unyevu vinanyonywa kwa pampu, kisha gesi inapimwa kwa mizani. Aina ya gesi huandikwa kwenye kibandiko cha kompresa. R134a na R600a ndizo zilizoenea, na hazibadilishani. R600a huwaka moto, kwa hiyo bomba halichomelewi likiwa na gesi ndani wala katika chumba kisichopitisha hewa. Friji kuukuu sana hutumia R12, iliyoondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Friji ya namna hiyo ikivuja, kuitengeneza hakuna faida. R134a nayo iko katika kundi la gesi ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua katika mkutano wa Kigali, Rwanda, mwaka 2016.

Makubaliano na fundi hufanywa kabla bisibisi haijashikwa. Gharama ya kuangalia hutajwa peke yake, ya spea peke yake, na ya ufundi peke yake. Spea mbovu inabaki kwa mwenye friji. Kazi inapewa dhamana ya muda unaotajwa, mwezi mmoja au mitatu, na yote huandikwa hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Fundi akisema kompresa imekufa, huombwa aipime kwa mita mwenye mali akiona, na aeleze kama rilei imejaribiwa. Ikilazimu friji iende karakana, picha hupigwa ya kibandiko cha nyuma na ya namba za kompresa. Kwa jibu zito kama la kompresa, fundi wa pili ni gharama ndogo.

Kutengeneza au kununua

Kanuni inayotumika sana ni ya nusu mbili: gharama ya matengenezo ikivuka nusu ya bei ya friji mpya ya ukubwa uleule, na friji yenyewe ikiwa imevuka nusu ya umri wake, kununua kunaanza kuwa na maana. Kimoja kikikosekana, kutengeneza kunashinda mara nyingi. Friji ya miaka 4 yenye kompresa mbovu inastahili kompresa. Friji ya miaka 13 yenye rilei mbovu inastahili rilei.

Umeme nao huingia kwenye hesabu. Anayetumia LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, anaweza kupima mwenyewe: usiku kila kitu kinazimwa isipokuwa friji, uniti zilizobaki zinaandikwa, na asubuhi zinaandikwa tena. Friji ya kisasa ya ukubwa wa kati hula uniti 1 hivi kwa siku au pungufu, na kuukuu inaweza kula mara mbili au zaidi. Inayokula uniti 2.5 kwa siku hufikisha 75 kwa mwezi peke yake, na 75 ndio ukomo wa mwezi wa wateja wadogo wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wanaolipa bei nafuu. Familia iliyo karibu na ukomo huo inaweza kulipa gharama ya friji mbovu kila mwezi bila kujua.

Shinikizo linavyoingia

Shinikizo linalotangulia kufika ni la nyumbani. Jirani atasema friji ya zama hizo ya nini tena, shangazi atashangaa, kijana wa nyumba ataonesha picha ya friji ya milango miwili kwenye simu. Kisha atatokea shemeji anayehama na anauza ya kwake "kwa bei ya ndugu". Mali ya ndugu hukaguliwa kama ya mtu baki: inawashwa, inaachwa usiku kucha na glasi ya maji ndani ya friza, na fundi anaiangalia. Ndugu mwenye mali nzuri hatachukia. Fundi anayetangaza kifo cha kompresa na papohapo akataja friji ya mtumba inayouzwa kwa rafiki yake, naye ameshahama kutoka upande wa ushauri kwenda upande wa biashara.

Sokoni shinikizo lina mbinu zake. Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi, mnunuzi hupokewa barabarani kabla hajafika dukani. Kijana mchangamfu humwita dada au bosi, humshika mkono na kumpeleka kwenye duka la "bei ya jumla". Ujira wake ni cha juu kinachoongezwa kwenye bei, na mlipaji ni mnunuzi. Anayeingia dukani peke yake, akataja aina na ukubwa anaoutaka, huanza mazungumzo kwenye bei ya chini zaidi.

Ndani ya duka maneno huwa yaleyale: imebaki moja, ofa inaisha leo, bei inapanda Jumatatu, kuna mteja anakuja kuilipia saa kumi. Huenda mojawapo ni kweli, lakini yote hulenga kumzuia mnunuzi asitoke mlangoni. Mbinu nyingine ni kutaja bei ya juu sana kisha kuishusha kwa kishindo, ili punguzo lionekane kubwa wakati bei iliyobaki bado iko juu ya ile ya duka la tatu kutoka hapo. Soda inayoletwa na kiti kinachovutwa ni ukarimu, na pia humfanya mtu aone haya kuondoka mikono mitupu.

Kinga iliyo imara ni kutenga siku ya kuangalia na siku ya kununua. Siku ya kuangalia mnunuzi hubeba nauli na kalamu tu. Fedha taslimu inabaki nyumbani, na ya kwenye simu inaachwa kwa mwenzake. Anapita maduka matatu au manne, anaandika aina, ujazo wa lita, bei na muda wa dhamana, na anaomba bei hiyo iandikwe kwenye karatasi ya duka. Usiku familia inalinganisha. Muuzaji anayekataa kuandika bei aliyoitaja kwa mdomo ameshajibu swali la kama anaaminika.

Maneno ya kukataa yawe mafupi na yasiwe na sababu, kwa kuwa kila sababu hupatiwa jibu. Mnunuzi akisema bei ni kubwa, itashushwa kidogo. Akisema hana fedha, ataletewa mkopo. "Nimekuja kuangalia bei, leo sinunui, asante" haina pa kushikwa. Kwa anayeona ugumu wa kusema hapana mbele za watu, "nitazungumza na mwenzangu kwanza" ni kauli inayoheshimika kote, na huwa na nguvu zaidi pale wenzi wanapokuwa kweli wamekubaliana kiasi ambacho mmoja wao hawezi kukivuka peke yake.

Malipo ya kidogo kidogo

Muuzaji wa mkopo hutaja rejesho, hataji jumla. Kwa mfano, friji ya shilingi 800,000 taslimu inatolewa kwa malipo ya awali ya 160,000 na rejesho la 85,000 kwa miezi 12. Rejesho linaonekana jepesi. Lakini 85,000 mara 12 ni 1,020,000, na pamoja na malipo ya awali ni 1,180,000. Mnunuzi amekopa 640,000 na kulipa 380,000 zaidi, karibu asilimia 60 ya alichokopa. Hesabu hii hufanywa kwa sauti mbele ya muuzaji, kabla ya sahihi.

Maswali yanayofuata ni ya lazima: friji ni mali ya nani mpaka rejesho la mwisho; rejesho moja likichelewa kuna faini gani; akilipa mapema, riba inapungua au la. Nchini Kenya, Sheria ya Ununuzi kwa Awamu, Sura ya 507, humzuia muuzaji kuchukua tena mali bila kwenda mahakamani pale mnunuzi anapokuwa ameshalipa theluthi mbili ya bei katika mikataba inayosimamiwa na sheria hiyo. Mikopo ya haraka ya mitaani, ile inayojulikana Tanzania kama kausha damu, haifai kwa friji hata siku moja: rejesho lake ni la kila siku au kila wiki, na chombo chenyewe hakiingizi kipato, isipokuwa kwa muuza juisi, barafu au samaki. Fedha ya ada au ya kikoba nayo isiguswe kwa sababu ya wiki moja ya maji ya vuguvugu. Kuweka akiba kwa miezi mitatu huku friji ya zamani ikifanya kazi kwa rilei mpya ni mkopo usio na riba.

Risiti, dhamana na haki

Nchini Tanzania risiti ya mashine ya EFD hudaiwa kila mara, na kuidai ni wajibu wa mnunuzi pia. Bei "bila risiti" huwa ndogo kwa sababu mnunuzi anaacha ushahidi wake dukani. Kwenye risiti au ankara yaandikwe modeli na namba ya friji, kwa kuwa "friji 1" haithibitishi kitu.

Dhamana husomwa kabla ya kulipa. Dhamana ndefu ya kompresa, ambayo huandikwa kwa herufi kubwa mlangoni, mara nyingi hufunika kompresa yenyewe tu; gesi, ufundi na usafiri ni juu ya mteja. Dhamana ya ziada inayouzwa kwenye kaunta hulinganishwa na ile ya kiwandani, kwani huenda mtu akalipia mwaka ambao ameshapewa bure.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, ina masharti kuhusu ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa kazi iliyonunuliwa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kupotosha wateja, msimamizi wake akiwa Tume ya Ushindani, FCC. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na Ibara ya 46 ya Katiba yake inatambua haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili. Maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" yasimnyamazishe aliyeuziwa kitu kibovu. Malalamiko huanzia dukani kwa maandishi, yakiambatana na nakala ya risiti na picha, na kutajwa siku ya kujibiwa. Yakipuuzwa hupelekwa kwenye mamlaka husika.

Siku ya kupokea

Friji mpya huwashwa dukani kabla haijafungwa, na mikwaruzo huangaliwa kabla gari halijaondoka. Husafirishwa ikiwa wima. Ikilazimu kulazwa, ikifika nyumbani husimamishwa kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Aliyeilaza kwa safari ndefu aisubirishe usiku kucha.

Huwekwa mbali na jiko na jua, kwenye sakafu iliyo sawa, na huchomekwa kwenye soketi yake yenyewe kupitia kifaa cha kulinda umeme. Kifaa hicho hukata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi, na unaporudi baada ya kukatika husubiri dakika 3 hadi 5, muda ambao msukumo wa gesi ndani ya mabomba unahitaji kusawazika ili kompresa isiwake kwa shida. Ni kinga ya bei ndogo kwa kompresa, yaani kwa sehemu ya friji iliyo ghali kuliko zote. Vumbi la nyuma husafishwa kila baada ya miezi 6, barafu ya friza huyeyushwa kabla haijazidi unene wa kidole, na risiti, kadi ya dhamana na namba ya simu ya fundi aliyefanya kazi yake vizuri hutunzwa katika bahasha moja.